Misumari na skrubu za bati: namna ya kuchagua na kufunga ili paa lisivuje wala kuezuliwa

Angalia orodha ya vifaa anayokuletea fundi siku ya kupaua. Mabati yameandikwa geji (kipimo cha unene; namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi), rangi, urefu na idadi ya vipande. Mbao zimeandikwa vipimo vyake. Halafu chini kabisa kuna mstari mmoja: "misumari ya bati, kilo kadhaa". Mwenye nyumba anabishana na muuza duka kuhusu geji 28 au 30 kwa saa nzima, kisha anachukua misumari yoyote iliyopo kaunta. Na hicho ndicho kitu pekee kinachoshikilia bati hilo juu ya nyumba yake, tena ndicho kinachotoboa mabati yake na kuliachia paa matundu karibu elfu moja.

Kila masika tunasikia shule au zahanati imeezuliwa. Ukipita eneo kama hilo, chunguza mabati yaliyoanguka. Bati likiwa limelala uwanjani na misumari yake yote bado imening'inia, jua kwamba mbao ndiyo iliyoachia: msumari ulikuwa mfupi, au ulipigwa kwenye mbao mbichi. Matundu yakiwa yamechanika na misumari imebaki kwenye mbao, bati ndilo lililoachia: kofia ya msumari ilikuwa ndogo, misumari ilikuwa michache, au bati lilikuwa jepesi mno. Na ukikuta bati limeondoka pamoja na papi yake, yaani mbao ya mlalo linayopigiliwa, usimlaumu aliyepiga bati. Papi haikufungwa kwenye kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa.

Mwongozo huu unahusu mabati ya chuma juu ya papi za mbao, maana ndiyo paa la nyumba nyingi kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Papi za chuma nitazigusa kwa kifupi.

Kinachopigana na paa lako

Watu wengi hudhani upepo unalisukuma paa. Kazi yake kubwa ni kulivuta juu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una shinikizo la kama kilo 47 kwa kila mita ya mraba, na kwenye pembe na kingo za paa mvuto unaweza kufika mara mbili ya hapo. Bati la geji 30 lenyewe lina uzito wa takribani kilo 3 kwa mita ya mraba, kwa hiyo uzito wake hausaidii kitu.

Sasa piga hesabu ya fundi mwenye haraka. Bati la migongo midogo linaloziba sentimita 76, papi ziko kila sentimita 90, na yeye anapiga misumari 2 tu kwa bati kwenye kila papi. Kila msumari umebebeshwa eneo la theluthi moja ya mita ya mraba. Pembeni mwa paa hiyo ni zaidi ya kilo 30, zinazovuta na kuachia, zinavuta na kuachia, usiku kucha. Msumari hautoki kwa mvuto mmoja. Unatoka milimita moja leo, nyingine kesho.

Adui wa pili ni jua, na huyu anafanya kazi kila siku. Bati la mita 6 likipata moto kwa nyuzi 40 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri linarefuka karibu milimita 3. La alumini linarefuka maradufu. Jioni linarudi. Tundu linasuguana na msumari asubuhi na jioni kwa miaka, na kama mpira wa kuzibia ni wa hovyo, hapo ndipo maji yanapopata njia.

Wa tatu ni kutu. Ukiwa Tanga, Bagamoyo, Unguja, Lamu au popote unapoonja chumvi ya bahari hewani, mpe huyu nafasi ya kwanza.

Msumari au skrubu?

Nitasema moja kwa moja: kama mfuko unaruhusu, funga skrubu. Msumari unashikwa na msuguano wa mbao tu. Mbao ikikauka na kunywea, msuguano unapungua. Skrubu ina meno yaliyojikita ndani ya nyuzi za mbao, na nguvu ya kuing'oa ni mara kadhaa ya ile ya msumari laini wa urefu uleule. Faida nyingine ni kwamba skrubu inafunguka. Siku ukitaka kubadilisha bati moja, hutalazimika kulichana kwa makucha ya nyundo.

Ila msumari haujafa. Jiko la nje, banda la kuku, kibanda cha mlinzi, hivyo vinaezekwa kwa misumari na vinakaa. Na kijijini ambako hakuna drili wala umeme wa kuchaji betri, msumari uliopigwa vizuri ni bora kuliko skrubu iliyopigwa kwa nyundo. Naam, wapo wanaopiga skrubu kwa nyundo. Ukimkuta fundi wako anafanya hivyo, msimamishe hapohapo, kwa sababu meno yanakata nyuzi za mbao yakiingia na yanaacha tundu pana lisiloshika chochote.

Ukichagua misumari, chukua ile yenye mwili uliosokotwa na kofia pana ya mwavuli iliyoshikamana na msumari wenyewe. Msumari wa mwili laini kama wa mbao, uliovalishwa kifuniko cha kinywaji baridi badala ya kofia, ni wa kuzibia tundu la banda.

Dukani: mambo manne ya kuangalia

La kwanza ni urefu. Wengi wanapima kwa macho, na wengi wanakosea, kwa sababu wanasahau kwamba skrubu ikifungwa juu ya mgongo wa bati inapita hewani kwanza kabla ya kuigusa mbao. Bati la migongo midogo lina kimo cha karibu milimita 18. La migongo mipana, maarufu kama msauzi, linaweza kufika milimita 25 au zaidi. Unataka skrubu iingie kwenye mbao angalau milimita 35. Kwa hiyo 18 jumlisha 35 ni 53, ongeza unene wa mpira, chukua skrubu ya milimita 65. Kwa msauzi chukua 75. Skrubu ya milimita 50 ikifungwa juu ya mgongo wa msauzi inashika mbao kwa ncha tu, na nusu ya ncha hiyo haina meno. Msumari kwa migongo midogo uwe wa inchi 3, na usishuke chini ya inchi 2 na nusu.

Ukiwa na shaka, chukua kipande cha bati lako na kipande cha papi hadi dukani. Weka bati juu ya mbao, simamisha skrubu pembeni yake, uone kwa macho inafika wapi. Muuzaji akikucheka, mwache acheke.

La pili ni ncha. Skrubu za bati zina ncha za aina mbili, na zinauzwa kwenye ndoo zinazofanana. Ya mbao ina ncha kali yenye mfereji uliochongwa ubavuni, na meno yake yameachana. Ya chuma ina ncha kama ya keke ndogo ya kutobolea, na meno yake yamesongamana. Ukifunga ya chuma kwenye mbao, ile keke inachimba tundu pana kuliko yanavyohitaji meno, nawe utahisi skrubu inazunguka bila kukaza. Ukifunga ya mbao kwenye papi ya chuma, haitatoboa, itateleza na kuchubua rangi ya bati.

La tatu ni mpako. Zinki iliyopakwa kwa umeme ni nyembamba: skrubu inang'aa kama ya pikipiki mpya, nyeupe yenye ubuluu au ya njano. Zinki ya kuchovya kwenye tanuru ni ya kijivu, haing'ai, na ukiipapasa ina ukwaruzo kidogo. Skrubu zinazong'aa ni za kazi za ndani. Zikiwekwa juu ya paa Dodoma zitavumilia kiasi. Zikiwekwa Kigamboni zitaanza kulia machozi ya kutu juu ya rangi ya bati mapema sana. Kwa pwani tafuta skrubu zilizotengenezwa kwa matumizi ya nje yenye chumvi. Kwenye boksi huwa imeandikwa daraja: daraja la 3 ni la nje kwa kawaida, la 4 ni la mazingira makali. Kama unanunua kwa kupimiwa kutoka kwenye mfuko usio na maandishi, hujui unachonunua.

Hapa kuna mtego mmoja. Mtu wa pwani akishachoshwa na kutu huamua "nitaweka skrubu za chuma cha pua, nimalize". Kwenye bati la alumini ni sawa. Kwenye bati la chuma lililopakwa zinki, au zinki na alumini, si sawa: metali mbili tofauti zikikutana penye maji ya chumvi, ile dhaifu inaliwa. Skrubu itabaki inang'aa na bati litatoboka kuizunguka. Vivyo hivyo usichanganye bati na shaba, wala risasi.

Kuhusu risasi, misumari ya zamani ilikuwa na wosha (visahani vya kuzibia chini ya kofia) za risasi, na bado unaweza kuzikuta kwenye maghala ya zamani. Kama unakinga maji ya mvua kwenye tangi, na sehemu nyingi za pwani na visiwani watu wanakunywa maji hayo, usizitumie kabisa. Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi.

La nne, mpira. Chini ya kofia ya skrubu kuna wosha ya chuma iliyogandishwa mpira mweusi. Mpira mzuri hauna mng'ao. Ukiuminya kwa kucha unabonyea na kurudi. Ukiukunja hauonyeshi nyufa nyeupe. Mpira wa plastiki unang'aa, ni mgumu, na ukiukunja unaacha alama ya mkunjo. Huo jua litaukausha, utapasuka, na skrubu yako nzuri itavuja. Hakikisha pia kwamba mpira umeshikamana na wosha. Ikiwa unatoka ukiuvuta kwa vidole, siku ya kufunga utajisokota.

Ngapi?

Tuchukue nyumba ya kawaida: paa la pande mbili, kila upande una urefu wa mita 11 na mteremko wa mita 5, bati la migongo midogo limeagizwa kwa urefu kamili bila kiungo. Bati moja linaziba sentimita 76, yaani migongo 10. Mita 11 gawanya kwa 0.76 unapata mabati 15 kila upande. Papi ziwe 7 kutoka chini hadi juu.

Papi ya chini kabisa na ya juu kabisa zinafungwa kila baada ya mgongo mmoja, skrubu 5 kwa bati. Papi 5 za katikati zinafungwa skrubu 3 kwa bati. Hapo una skrubu 25 kwa bati moja, 375 kwa upande, 750 kwa paa zima. Kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele, inahitaji skrubu kila baada ya mgongo mmoja pande zote mbili, karibu 145. Ongeza asilimia 10 kwa zitakazodondoka, zitakazopinda na za kuongeza pembeni. Unakaribia 1,000.

Fundi akikuambia 400 zinatosha, muulize ataziweka wapi.

Kabla bati halijapanda

Skrubu bora haina maana kama mbao yake ni mbovu. Mbao nyingi za paina zinazotoka Mafinga zinafika mjini zikiwa bado na maji. Ukiipiga msumari ikiwa mbichi, ikikauka itanywea na kuuachia. Nunua mbao mapema, zipange kwa vijiti katikati ili hewa ipite, chini ya kivuli, wiki kadhaa kabla ya kupaua. Kama haiwezekani, hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua skrubu.

Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, mara nyingi zina shaba ndani ya dawa. Shaba hiyo inakula zinki. Zikiwa bado na unyevu ndiyo hatari zaidi, kwa hiyo ziache zikauke kabisa, tumia skrubu zenye mpako mnene, na bati lisikae moja kwa moja juu ya mbao yenye maji. Mafundi wengine hutandika ukanda wa plastiki au wa karatasi ya lami juu ya papi. Ni kazi ndogo, na kwa mabati yenye alumini inafaa kufanywa.

Upana wa papi nao. Inchi 2 kwa 2 ndiyo ya chini kwa skrubu, ila inchi 2 kwa 3 inakupa nafasi ya kukosea kidogo bila kuikosa mbao. Papi moja ikiwa juu kuliko jirani zake, bati litabonyea hapo na mpira hautakaa sawa. Vuta uzi kutoka papi ya chini hadi ya juu uone kabla ya kuanza.

Halafu papi yenyewe. Ifungwe kwenye kila kenchi kwa misumari miwili ya inchi 4 iliyopigwa kwa mshazari, mmoja kila upande, na sehemu za pembeni mwa nyumba zifungwe pia kwa ukanda wa chuma au waya wa kufungia nondo uliozungushwa mara mbili. Kenchi nazo zifungwe kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta) kwa nondo au ukanda uliochomekwa wakati wa kumwaga zege. Nguvu inashuka hivyo: bati, skrubu, papi, kenchi, lenta, ukuta. Upepo utatafuta kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote na kuanzia hapo.

Kulaza bati la kwanza

Bati linaanza kulazwa upande ambao mvua haitokei, ili kila bati linalofuata limlalie mwenzake na mdomo wa kiungo uelekee mbali na upepo. Pwani, mvua kubwa za masika huja na upepo wa kusi, kwa hiyo kwenye nyumba nyingi unaanzia mwisho wa kaskazini na kusogea kusini. Bara kila mahali pana upepo wake. Uliza majirani ni ukuta gani unaolowa zaidi, hilo ni jibu la kuaminika kuliko dira.

Kiungo cha ubavuni kwa migongo midogo kiwe mgongo mmoja na nusu hadi miwili. Kiungo cha juu na chini, kama mabati hayakuagizwa kwa urefu kamili, kiwe sentimita 15 kwa paa lenye mwinuko mzuri, na 20 hadi 30 kwa paa lililolala. Kiungo hicho lazima kiangukie juu ya papi. Kikiwa hewani hakina mahali pa kufungiwa.

Bati la kwanza lisifungwe kabisa. Lishike kwa skrubu mbili, moja juu na moja chini, kisha pima kama ukingo wake umenyooka na uzi wa fasha bodi, ule ubao wa ukingo wa chini wa paa. Likipinda sentimita moja hapa, kufikia bati la 15 utakuwa na ngazi.

Ukihitaji kukata, tumia mkasi wa bati. Diski ya umeme inaunguza mpako kando ya mkato na kurusha cheche zinazoganda kwenye rangi, na kila cheche inakuwa doa la kutu.

Kufunga

Juu ya mgongo au bondeni? Swali hili huzua ubishi kila saiti. Maji yanapita bondeni. Skrubu iliyofungwa bondeni inategemea mpira wake peke yake, na mpira ukichoka, tundu limekaa katikati ya mto. Wanaotetea bonde wana hoja ya kweli: pale bati linagusa mbao, skrubu inabana imara na ni rahisi kuikaza bila kubonyeza bati. Hoja hiyo ni ya nguvu kwenye kuta zilizofunikwa kwa bati, na huko funga bondeni bila wasiwasi. Kwenye paa, kwa mvua zetu, funga mgongoni.

Ugumu wa mgongoni ni kujua wakati wa kuacha. Mgongo uko hewani, kwa hiyo ukikaza kupita kiasi unabonyea, unafanya kisahani kidogo kuzunguka skrubu, na maji yanatuama humo. Kwa hiyo:

Vuta uzi wa chaki juu ya bati, ukifuata katikati ya kila papi. Pima kutoka kwenye fasha bodi, usikisie. Skrubu zote zifuate mstari huo. Ukisimama chini utaona mara moja fundi aliyevuta uzi na ambaye hakuvuta.

Tumia drili yenye kizuizi cha nguvu, na soketi ya milimita 8 inayoshika vizuri kichwa cha pembe sita. Anza na nguvu ndogo, ongeza hadi utakapopata kipimo kinachokaza bila kubonyeza. Mashine ile inayogonga huku ikizunguka ni ya haraka, lakini kwenye mikono isiyozoea inakaza kupita kiasi kabla hujaondoa kidole.

Simamisha skrubu wima juu ya mgongo. Ikilala, upande mmoja wa wosha utabana na mwingine utaachia uwazi. Shika drili kwa mikono miwili ukiwa umepiga magoti, usifanye kazi ukiwa umejinyoosha kufikia mbali.

Sasa tazama mpira. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na inataka uiname uone. Skrubu ikikaza vizuri, mpira unatokeza kidogo tu kwenye ukingo wa wosha ya chuma, duara lote sawasawa, kama unene wa ukucha. Usipouona kabisa mpira na wosha inazunguka ukiigusa kwa kidole, bado haijakaza. Mpira ukiwa umetoka nje ya wosha na kujipinda, au wosha imegeuka sahani, umezidisha. Skrubu iliyozidi usiirudishe nyuma kidogo ukidhani umerekebisha, maana mpira umeshachanika. Itoe, weka nyingine mpya.

Kwa msumari, piga hadi kofia iguse bati na kulikalia, kisha pigo moja jepesi la mwisho, basi. Fundi anayemalizia kwa pigo zito la kujiridhisha anabonyeza mgongo. Ncha ikitokeza chini ya papi, ikunjwe na mtu aliyeko ndani. Msumari uliokunjwa hautoki kirahisi.

Mpangilio niliokuambia kwenye hesabu ufuate, lakini pembe za paa, kingo za ubavuni na papi ya chini iliyo juu ya baraza uzifunge karibu zaidi. Baraza iliyo wazi hunasa upepo kutoka chini wakati huohuo paa linavutwa kutoka juu, na mara nyingi hapo ndipo bati la kwanza linapoinuka. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi Mei 2024, wengi wa pwani yetu walikumbushwa kwamba vimbunga si habari za Msumbiji na Madagaska peke yake. Jengo lililo pembezoni mwa bahari lifungwe kila mgongo kwenye kingo zote.

Viungo vya ubavuni kati ya papi na papi hubaki vimeachia mdomo, hasa kwa geji 30 na 32. Vishone kwa skrubu fupi au riveti zenye mpira, bati kwa bati, kila nusu mita.

Ukiikosa mbao utajua: skrubu inazunguka ghafla bila upinzani. Usiiache hapo ikijifanya inashika. Itoe, ziba tundu kwa riveti yenye mpira, na funga nyingine mahali sahihi. Mtu mmoja abaki ndani akiangalia juu. Kila ncha inayoonekana hewani aitaje.

Kwa papi za chuma mambo ni yaleyale, isipokuwa ncha ya skrubu iwe ya kutoboa chuma, na uwezo wake wa kutoboa, ulioandikwa kwenye boksi, uzidi unene wa papi yako pamoja na bati.

Kofia ya paa ifungwe mwisho, skrubu zikipita kwenye kofia na mgongo wa bati hadi kwenye papi ya juu. Kama papi hiyo imewekwa mbali mno na kilele, kofia itakosa pa kushika. Hilo linatakiwa kuonekana wakati wa kupiga papi.

Fanya kazi hii asubuhi. Saa nane mchana bati linaunguza viganja na limerefuka. Ukitembea juu, kanyaga mabondeni juu ya mstari wa skrubu, ambako pana papi chini yake. Jifunge kamba. Upepo ukianza kuchezea bati mikononi, teremka.

Jioni ileile

Fagia paa. Vumbi la chuma linalotoka kwenye ncha za skrubu, na vipande vya mkasi, vikilala usiku mmoja na umande vinaacha madoa ya kutu ambayo mwenye nyumba atadhani ni bati bovu. Tumia ufagio laini, kuanzia kwenye kofia kushuka.

Mafundi wengine humalizia kwa kupaka silikoni juu ya kila skrubu. Skrubu iliyofungwa sawa haihitaji, na isiyofungwa sawa silikoni itaificha kwa msimu mmoja tu. Ukilazimika kuitumia kwenye viungo, inuse kwanza. Ile inayonuka siki ina tindikali inayokula zinki. Chukua isiyo na harufu hiyo.

Ukirithi paa linalovuja

Usianze kugongelea misumari iliyotoka. Tundu lake limeshapanuka, ukiigonga itashika wiki chache na kutoka tena. Ing'oe, ukiwa umeweka kipande cha mbao chini ya nyundo ili usibonyeze mgongo, halafu weka skrubu nene zaidi na ndefu zaidi kwenye tundu lilelile, yenye wosha pana inayofunika sehemu iliyochakaa. Mbao ikiwa imeoza hapo, skrubu itakuambia kwa kuzunguka bure. Hapo sogea mgongo wa jirani, ziba tundu la zamani, na panga kubadilisha papi.

Paa la misumari likaguliwe baada ya msimu wa kwanza wa mvua, wakati mbao imeshakauka na kutulia. Pita asubuhi jua likiwa chini: msumari uliotoka milimita mbili unatupa kivuli kirefu, utauona ukiwa umesimama kwenye ngazi. La skrubu linaweza kusubiri zaidi, ila lililo karibu na bahari litazamwe kila mwaka, na mpira wowote uliopasuka ubadilishwe pamoja na skrubu yake.

Bakiza kama skrubu 30 kutoka kwenye boksi lilelile. Ziweke kwenye kopo lenye kifuniko, na juu yake andika urefu, daraja na rangi, kwa sababu atakayekuja kufunga sola au antena juu ya paa hilo atakuja na zake, na zake zitakuwa zile zinazong'aa.